Basi la Mboga Mitaani Chicago

Sisi tuliozoea muuza mchicha kupiga hodi asubuhi, huona ajabu kusikia kwamba katika nchi tajiri kama Marekani imo mitaa ambamo kupata mboga na matunda ni safari. Ndiyo hali ya Austin na North Lawndale, magharibi mwa jiji la Chicago, wanakoishi Wamarekani weusi wengi. Maduka makubwa ya chakula ni machache. Yaliyo karibu ni maduka madogo ya soda na chipsi za pakiti. Asiye na gari hupanda basi na mifuko yake.

Mwaka 2011 basi lenyewe likageuzwa duka. Mradi wa Fresh Moves uliuziwa basi kuukuu la jiji kwa dola 1. Viti viking'olewa, rafu za mboga na matunda zikachukua nafasi yake. Mnunuzi hupanda, huchagua kwa mkono wake, hulipa, hushuka. Hakupewa sadaka, heshima yake imehifadhiwa.

Fedha zilipopungua, mwaka 2013 safari zilisimama. Zikarejea mwaka 2015, na leo mradi huo uko chini ya Urban Growers Collective, shirika linalolima mboga ndani ya jiji hilohilo.

Wazazi huhimizwa kila siku kuwalisha watoto mboga. Nasaha hiyo ni njema, lakini haishibishi iwapo mboga yenyewe iko mbali. Kabla ya kumlaumu mama kwa chakula anachowapa wanawe, na tuulize kwanza: soko lake li wapi?