Kilichokuwa ndani ya flopi za marehemu baba

Binti alipokwenda kliniki ya wajawazito mara ya kwanza, muuguzi alimuuliza swali la kawaida: kuna dawa yoyote inayokudhuru? Akasita. Alikuwa amesikia kwamba utotoni kuna dawa ya homa iliyomvimbisha uso na kumtoa malengelenge. Jina la dawa hakulijua.

Jioni alimuuliza mama yake, nyumbani Tabata. Mama aliukumbuka usiku ule vizuri, lakini si dawa. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, alipewa dawa zaidi ya moja, na kadi ya kliniki ililoa mafuriko yalipoingia kwenye nyumba waliyopanga zamani.

"Baba yako ndiye aliyekuwa anaandika kila kitu, mwanangu," alisema.

Baba alikuwa karani. Wenzake wakishaondoka kazini, alibaki kwenye kompyuta ya ofisi akichapa habari za wanawe: uzito, chanjo, homa, dawa. Alihifadhi kwenye flopi na kuzileta nyumbani. Alifariki miaka kumi iliyopita. Flopi tisa zilibaki juu ya kabati, ndani ya kopo la biskuti. Moja aliiandika kwa mkono wake: "Watoto".

Wazazi vijana huenda hawajawahi kushika flopi, ingawa umbo lake bado wanaliona kwenye programu nyingi kama alama ya kuhifadhi kazi. Ni kidude cha plastiki cha inchi 3.5, ndani yake kisahani chembamba kinachotunza maandishi kwa sumaku. Kinabeba megabaiti 1.44 tu; picha moja ya simu yako huenda isienee. Mwaka 1998 Apple ilitoa kompyuta ya iMac isiyo na sehemu ya kuingizia flopi, wengine wakafuata polepole, na mwaka 2011 Sony ikaacha kuziuza Japani.

Fundi wa kwanza alizitazama akacheka, akashauri zitupwe. Mdogo wake binti, anayesoma chuo, hakukubali. Aliagiza kisomeo cha flopi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Alipoingiza ya kwanza, kompyuta ikaleta ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa. Kidole kilikuwa kinaelekea kwenye "ndiyo" pale rafiki yake wa chuoni alipomshika mkono.

Kufomati ni kufuta. Ujumbe ule haukumaanisha kwamba flopi ni tupu, bali kompyuta ilikuwa imeshindwa kuisoma.

Rafiki akaanza upya. Alisogeza kile kitufe kidogo cha kwenye kona mpaka kitundu kikawa wazi, ili mashine isome tu, isiandike juu yake. Akavuta kifuniko cha chuma na kumulika kisahani kwa tochi ya simu. Flopi mbili zilikuwa na ukungu, akaziweka kando, kwa sababu ukungu huchafua kisomeo na kuharibu nyingine. Zilizobaki alizinakili nzima nzima kabla ya kufungua faili lolote. Flopi iliyozeeka inaweza kusomeka mara moja, isisomeke tena.

"Watoto" ilikataa mara mbili, ikikwaruza. Mara ya tatu ikasoma. Faili lilikuwa la WordPerfect, programu ya enzi hizo, lakini LibreOffice, ambayo hupatikana bure, ikalifungua.

Mama akavaa miwani. Aprili 2002: homa kali, malaria, mtoto kapewa SP. Siku mbili baadaye, malengelenge. Daktari amekataza dawa zote zenye salfa. Chini yake baba alikuwa ameongeza kwamba mama mtu hajalala siku ya tatu sasa. Mama alipofika hapo akavua miwani, akanyamaza.

Mwaka 2001 Tanzania Bara ilianza kutibu malaria kwa SP badala ya klorokwini. Siku hizi tiba imebadilika, ila SP bado hutolewa kliniki kwa wajawazito kama kinga. Inawasaidia wengi, lakini aliyewahi kudhuriwa na salfa hapaswi kupewa. Vidonge hivyo ndivyo binti angepewa miezi michache baadaye.

Alirudi kliniki na karatasi iliyochapwa. Muuguzi akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu, akamsisitiza asikose kulala kwenye chandarua.

Flopi mbili zenye ukungu hazijafunguliwa mpaka leo. Moja imeandikwa "Barua". Mama amezirudisha kwenye kopo, hataki zitupwe.

Mzazi, kumbukumbu za mwanao ziko wapi leo? Kama ziko kwenye simu moja, yenye namba ya siri unayoijua peke yako, hazina tofauti na flopi juu ya kabati. Hamishia nakala mahali pa pili mashine ya kuzisomea ikiwa bado ipo. Na jambo kubwa kama dawa inayomdhuru mtoto, liandike kwenye karatasi na umwambie mwenzako.

Binti ameshanunua daftari la mtoto wake. Ukurasa wa kwanza ameandika jambo moja: mama yake hatumii dawa zenye salfa.