Studio Iliyopigwa "Radi" Mwezi wa Saba: Kumbe Mchawi Alikuwa Wati

Leo naweka pembeni habari za nani kaachana na nani. Kuna stori imezunguka kitaa wiki tatu sasa, imeshaharibu jina la mtu, na mimi nilikuwepo siku ilipofunguliwa. Nikisema ilifunguliwa namaanisha kwa bisibisi kabisa. Majina yote kapuni. Wa hapa Sumbawanga mtawajua mnaowajua, ila naomba msiwataje kwenye komenti, mtaelewa kwa nini.

Jina la mji wetu mnalijua. Wazee wanasema kwa Kifipa maana yake ni tupa uchawi. Lakini mwambie mtu wa mkoa mwingine kwamba unatokea Sumbawanga, cha kwanza atakuuliza kama unajua kutuma radi. Tumeshazoea, tunacheka nao. Shida inaanza pale sisi wenyewe tunapoanza kuuamini huo utani.

Sasa bwana, jamaa wa stori hii ni mtu wa video. Ukiwa umeoa, umeolewa au umekata keki ya sendofu kuanzia Majengo mpaka Katandala, kuna uwezekano mkubwa kamera yake imekupitia. Na ratiba ya huku Ufipa inaeleweka: mahindi yakishavunwa na hela ikashikika, ndo sherehe zinaanza. Hiyo miezi ndiyo inamlipia kodi ya mwaka mzima.

Kompyuta yake ni Dell OptiPlex 9020, ile CPU kubwa ya kusimama. Hizi zilitoka mwaka 2013, zikatumika sana maofisini huko duniani, halafu zikatufikia sisi kama mtumba. Ni mashine ngumu, mi nazikubali. Ila video ya harusi ya saa mbili ilikuwa inalala usiku kucha kwenye kurenda. Jamaa akajibana, akatuma hela Kariakoo, akaletewa kwa basi kadi ya grafiki aina ya RX 580 yenye GB 8. Kadi imesafiri zaidi ya kilomita 1,000, imepita Mbeya, imepita Tunduma, imefika salama. Akaiposti stetasi kwa mbwembwe zote.

Mwenzake mmoja wa mtaa wa pili, naye mtu wa video, akajibu: "Haya, tuone itafika wapi."

Maneno manne tu. Mnajua utani wa watu wa biashara moja ulivyo.

Siku ya nne usiku, jamaa akiwa anarenda harusi ya watu, pah! Harufu ya kuungua, CPU kimya. Ni mwezi wa saba, kiangazi, baridi inauma, juu hakuna hata wingu. Kulipokucha mji mzima una stori moja: kapigwa radi ya kutumwa. Na mtumaji hakuhitaji kutafutwa, jina lake lilikuwa pale pale kwenye skrinishoti.

Mimi niliitwa kwa sababu kitaani wanajua huwa nafungua fungua hivi vitu. Sijasomea popote. Nina cheti cha fomu foo na miaka kadhaa ya kuangalia video za watu wanaotengeneza kompyuta.

"Dogo, hii si bure," jamaa akaniambia.

"Kaka, tuangalie kwanza," nikamjibu. "Kama ni radi tutaiona ilipopita."

Cha kwanza sikugusa hata CPU. Nikaangalia vitu vingine. Taa ya chumba inawaka. Friji ndogo ya soda inafanya kazi. Saluni ya jirani, wanaotumia laini hiyo hiyo ya umeme, TV yao nzima na dada alikuwa anasuka mteja huku tamthilia inaendelea. Radi gani hii yenye adabu, inaingia nyumbani inachagua CPU peke yake?

Kuna waliosema basi ni umeme. Na hapo siwalaumu kuwaza hivyo. Rukwa kwa miaka mingi haikuwa kwenye Gridi ya Taifa, umeme wetu umekuwa ukivuka mpaka kutoka Zambia, ndo maana hata mradi wa TAZA wa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa unaletwa mpaka huku. Kwa hiyo kitu kikiungua, kidole cha pili kinaelekea Zambia. Lakini umeme ukipanda vibaya unagonga nyumba nzima. Friji ingekuwa ya kwanza kulia.

Ndipo nikageuza CPU, nikafungua mfuniko, nikasoma stika ya pawasaplai. Ile boksi ya chuma ambayo waya wa umeme unachomekwa. Imeandikwa wati 290. Nikamuita jamaa asome mwenyewe, kisha tukachukua kalamu.

Prosesa yake, i7 ya kizazi cha nne, inakula mpaka wati 84. Kadi mpya, RX 580, inakula mpaka wati 185. Hapo tayari ni 269. Ongeza mazabodi, ramu, hadidiski mbili na feni, tuweke 40 kwa makadirio ya huruma. Jumla 309. Pawasaplai ina 290, na hiyo ni ya miaka zaidi ya kumi, imeshachoka. Watengenezaji wa kadi wenyewe wanashauri pawasaplai ya wati 500.

Halafu kuna waya. Sehemu ya kuchomekea kadi kwenye mazabodi inatoa mwisho wati 75. Kadi ikitaka zaidi lazima ipelekewe waya wake kutoka kwenye pawasaplai: wa pini 6 unabeba wati 75, wa pini 8 unabeba 150. OptiPlex hii haina waya huo kabisa, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya kuandika barua za ofisini. Fundi aliyemfungia akatumia adapta, akaunga kutoka kwenye waya wa hadidiski, ule wa SATA. Plagi moja ya SATA kwa volti 12 imeruhusiwa ampia 4.5, yaani wati 54 basi. Hiyo adapta tuliikuta imeyeyuka, plastiki imekuwa kama ubani.

Ni sawa na pikipiki ya kubeba gunia moja la mahindi. Wewe umepakia matatu, unapandisha mlima wa Mbizi, ikikatika unaanza kuuliza nani kakuroga.

Jamaa akauliza swali zuri: "Sasa mbona siku tatu za mwanzo ilikuwa inapiga kazi?" Hapo ndo penye siri. Kadi haili wati zake zote muda wote. Ukiangalia YouTube au ukifungua mafaili inakula kidogo tu. Siku tatu zile alikuwa anakata kata video. Siku ya nne ndo alibonyeza kurenda harusi nzima kwa mara ya kwanza, kadi ikafungua mdomo, pawasaplai ikafa. Yule mwenzake angeandika hata "Hongera kaka", ingeungua usiku ule ule.

Wadau, kwa hiyo ukitaka kuweka kadi kwenye CPU ya zamani, iwe kwa gemu au kwa kazi, usianze na "ina GB ngapi?" Anza na stika. Usiishie kwenye wati za jumla, tafuta mstari wa volti 12 kisha zidisha na ampia zake, maana kadi inakula hapo. Acha nafasi, usijaze mpaka mwisho. Kama hutaki kubadilisha pawasaplai, chukua kadi ndogo isiyo na tundu la waya wa ziada: GTX 750 Ti ni wati 60, GTX 1050 Ti ni 75, na zipo GTX 1650 za 75. Kama unataka kubwa, nunua pawasaplai kubwa kwanza. Kwa Dell kama hii utahitaji na adapta ya pini 24 kwenda 8, kwa sababu mazabodi yake haikai na plagi za kawaida. Na UPS ya VA 650 haimaanishi wati 650, ni pungufu, soma vizuri. Baridi yetu ya Ufipa inasaidia kupoza, haiongezi hata wati moja.

Hadidiski zilipona. Harusi ya watu ipo, bibi harusi ameshaipata. Kadi nayo ilipona, sasa inakaa na pawasaplai ya wati 550.

Asiyepona ni yule mwenzake. Wateja watatu walimrudia kudai advansi zao. Mama mmoja alimtoa mwanae aliyekuwa anajifunza kamera pale. Jamaa wetu alienda kumuomba radhi, nampongeza kwa hilo, ila alienda usiku, wawili tu, mlango umefungwa. Tuhuma ilionwa na stetasi nzima, radhi ikasikiwa na kuta. Nimemwambia aiposti kama alivyoposti kadi. Anasema anajipanga.

Ndo maana nimeiandika mimi. Mkoa huu una wazee waliokimbia nyumba zao kwa neno moja la mtu aliyepatwa na hasara akatafuta wa kumbebesha. Leo ni kijana wa kamera, kesho atakuwa bibi wa nyumba ya nyuma. Kabla hujataja jina la mtu, geuza CPU, usome stika.

Wewe CPU yako pawasaplai ina wati ngapi? Dondosha namba hapo chini na aina ya kadi unayoitaka, tutapiga hesabu pamoja. Majina ya watu, kapuni.