Barua kutoka Minneapolis: Okidi na Hewa Kavu

Shangazi,

Juzi kwenye simu ulicheka mpaka ukakohoa nilipokuambia nimenunua mashine ya kutoa mvuke kwa ajili ya maua. Nakuelewa. Huko kwenu Amani, Usambara, ukungu unaingia mpaka chumbani, kanga inashinda kambani siku nzima na jioni inaanuliwa mbichi, halafu mwanao anatumia pesa kutafuta unyevu! Basi nikueleze vizuri, kwa sababu simu ilikatika kabla sijamaliza.

Hapa Minnesota hita zinawashwa mwezi wa kumi na kuzimwa mwezi wa nne. Mgeni akifika huona baridi ndiyo adui, lakini baridi inabaki nje. Kinachokusumbua ndani ni ukavu. Hewa ya baridi haibebi maji mengi. Siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, hata theluji ikiwa inaanguka, mita moja ya ujazo wa hewa ina kama gramu 1 tu ya maji. Hewa hiyo hiyo ikipenya ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 21, ina uwezo wa kubeba zaidi ya gramu 18. Lakini hita haiongezi hata tone. Kwa hesabu hiyo unyevu unashuka chini ya asilimia 10, na nyumba inaokolewa kidogo na kupika, kuoga na pumzi zetu. Kipimo changu kilichopo kwenye rafu ya vitabu husoma 20 na kidogo mwezi wa kwanza wote.

Hewa ya namna hiyo inachukua maji popote inapoyakuta. Midomo inapasuka, ngozi inapauka dakika chache baada ya kupaka mafuta, watoto wanaamka na damu puani. Ukishika kitasa cha mlango, cheche inakuruka kidoleni. Mbao za sakafu zinaachana mpaka sarafu inazama katikati. Na okidi zangu nazo zinanyonywa.

Nyingi ni zile zinazoitwa Phalaenopsis, ambazo siku hizi zinauzwa supamaketi karibu na ndizi. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia, kama ile ya Ufilipino na Indonesia, ambako zinaota juu ya magome ya miti bila kugusa udongo. Mizizi yake inaning'inia hewani na imevikwa ngozi nyeupe inayofyonza maji kama sifongo. Ikiwa kavu inang'aa kama fedha, ikilowa inageuka kijani mbele ya macho yako. Mmea huu unapenda unyevu wa asilimia 50 hadi 70, na kwa 40 unavumilia. Kwa 20 haufi mara moja, bali unakukatisha tamaa: unatoa shina la maua, vitumba vinanenepa, wewe unasubiri, halafu kimoja kimoja vinakuwa njano, vinanyauka na kudondoka kabla havijafunguka.

Ushauri utaupata mwingi. Wa kwanza ni kuweka chungu cha maua juu ya sinia la kokoto na maji. Mimi nasema sinia hilo ni pambo. Chukua sebule ya mita 50 za ujazo, ambayo hewa yake yote inabadilika kila baada ya saa mbili kupitia nyufa na milango. Ukitaka unyevu ufike asilimia 50 siku ya baridi kali, unahitaji kuongeza maji karibu lita tano kwa siku. Sinia la ukubwa wa kitabu litayatoa wapi? Mvuke wake unatawanyika chumbani kabla haujamgusa mhusika. Wa pili ni kunyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia. Huo unadumu dakika chache, na maji yakituama katikati ya majani ya Phalaenopsis, moyo wa mmea unaweza kuoza, na kuuokoa ni vigumu. Kuvisogeza vyungu vikae pamoja kunasaidia kidogo. Kuviondoa karibu na tundu la hewa moto kunasaidia zaidi, na hakuna gharama.

Sasa mashine. Nikutajie aina mbili. Moja inayatikisa maji mpaka yanakuwa ukungu. Inapendeza kuitazama, ila ukitumia maji ya bomba yenye chumvichumvi unapata vumbi jeupe kwenye runinga na kwenye kila jani, kwa hiyo unalazimika kununua maji yaliyoondolewa chumvichumvi hiyo. Nyingine ina feni inayopuliza hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Vumbi haina, lakini usipoiosha kila wiki inaota kuvu. Mimi nina hiyo ya pili, na ndiyo iliyokuchekesha.

Lakini Shangazi, kuna jambo ambalo wauza mashine hawalisemi. Nyumba yenyewe haitaki unyevu. Nje kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, ukifikisha asilimia 40 ndani, vioo vya madirisha vinatiririka maji, maji yanaganda chini ya fremu, mbao zinaoza na kuvu linaanza kujificha ndani ya kuta. Wapangaji wamewahi kudaiwa fidia kwa sababu hiyo. Mmea unataka 50, nyumba inataka 20 au 25. Huwezi kuwaridhisha wote katika chumba kimoja.

Kwa hiyo usiloweshe nyumba, lowesha kachumba. Jambo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1829 hivi, daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, ambaye moshi wa makaa ya mawe ulikuwa unaua mimea yake, aliona jimbi limejiotea ndani ya chupa iliyofungwa. Akatengeneza masanduku ya vioo, na mwaka 1833 akasafirisha mimea ndani yake kwa meli hadi Sydney, ikafika hai. Mimi nilichukua tangi la kioo lililokuwa la samaki. Chini kuna kokoto na maji ya vidole viwili, juu yake wavu wa chuma, juu ya wavu okidi, na pembeni kifeni nilichokitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Mfuniko hauzibwi kabisa. Kipimo cha ndani kinasoma 60 wakati cha kwenye rafu kinasoma 22. Humo sinia la kokoto linafanya kazi, kwa sababu mvuke hauna pa kukimbilia. Kifeni ndicho wengi wanachokisahau: hewa yenye unyevu isipotembea, majani yanaota madoa meusi.

Nikizidiwa mimi mwenyewe naenda St. Paul, kwenye nyumba ya vioo ya bustani ya Como, iliyofunguliwa mwaka 1915. Ukiingia tu miwani inafunga ukungu na pua inafunguka. Huko nawakuta wazee wa Kisomali na wa Kenya wamefungua makoti, wamekaa tu.

Na kale kaua ka zambarau ka Usambara, ambako afisa mmoja wa Kijerumani alipeleka mbegu zake Ulaya mwaka 1892, hapa kanauzwa kila duka. Ninako kamoja ndani ya tangi, kanachanua.

Sasa ombi langu. Ulisema utampa mtu anayekuja hiyo okidi inayoota kwenye mfenesi nyuma ya jiko. Tafadhali usimpe. Okidi zote duniani zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na mmea wa porini usio na vibali unakamatwa uwanja wa ndege, pamoja na usumbufu kwa aliyeubeba. Iache hapo ilipo, na uwakataze vijana wasikate lile tawi. Kama kweli kuna mtu anakuja, mpe iliki. Iwe imekauka vizuri.