Mficha Maradhi

Liko gonjwa ambalo watu wazima hulitaja kwa kunong'ona tu, na wengi hawalitaji kabisa. Jina lake ni bawasiri. Sisi nasi tulilificha miezi mitano, na leo twalisema mbele yenu nyote, kwa sababu kimya chetu kilimponza mwenzetu.

Sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Kazi yetu ni ya kukaa kitini mchana kutwa. Maji tulikunywa kidogo, na mboga tulikula kwa nadra. Choo kikawa kigumu, tukajikamua kwa nguvu, hata siku moja tukaona damu nyekundu. Tuliona haya kumwambia mama wa watoto, sembuse mwuguzi. Tukanunua dawa za mizizi sokoni. Mojawapo ilikuwa ya pilipili, ya kutiwa kwa mpira, nayo ilituchoma vibaya. Mwishowe kizunguzungu kilitupeleka kituo cha afya.

Mwuguzi hakucheka. Alitupima kwa dakika chache, akatueleza: bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba katika njia ya haja kubwa. Si laana, wala si uchawi. Huwapata wanaojikamua chooni, na wajawazito wengi. Akatuagiza kula maharagwe, lenga-lenga na matunda, kunywa maji ya kutosha, kutozuia haja inapokuja, na kukalia maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Akatupa na vidonge vya kuongeza damu. Baada ya majuma machache tulipona.

Basi, tukajiona waganga. Mwenzetu wa kazini alipotunong'oneza kwamba naye aona damu, tulimjibu upesi: "Ni bawasiri tu, ndugu, kula lenga-lenga." Hatukumwuliza neno lingine. Kumbe alikuwa akikonda, na choo chake kilikuwa kimebadilika tangu miezi mingi. Alipofika hospitali, daktari alikuta kansa ya utumbo mpana, nayo ilikuwa imekwisha kuenea. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha.

Twajua sasa kwamba damu haisemi imetoka wapi. Yaweza kuwa ya bawasiri; yaweza kuwa ya amiba, ya kichocho cha tumbo, au ya kansa. Ajuaye ni yule aliyepima. Kwa hiyo, aonaye damu chooni mara ya kwanza aende akapimwe, hata kama haumwi. Aliyekwisha kupimwa, asipopata nafuu kwa juma moja, arudi. Uvimbe wenye maumivu makali ukitokea ghafula, asingoje: katika siku 3 za kwanza daktari aweza kuupasua na kutoa damu iliyoganda. Na damu ikitoka nyingi, au choo kikiwa cheusi kama lami, au ikiwapo homa au kizunguzungu, aende siku ile ile, ijapokuwa ni usiku.

Wazee walisema: Mficha maradhi, kifo humwumbua. Haya ya dakika chache mbele ya mwuguzi hupita. Sisi tuliiona, nayo imepita. Bali swali tusilomwuliza mwenzetu halijapita.