Kifuniko Kimoja, Bomba Moja

Ngarenanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru, dawa ya nyanya hupimwa kwa kifuniko cha chupa. Kifuniko kimoja kwa bomba la lita 20. Viwili kama wadudu wamezidi. Baba yangu alipiga dawa huko kwa miaka 19, kwanza shambani kwake, kisha kwa kibarua katika mashamba ya watu. Hakuwa na glavu. Kitambaa alichojifunga puani mama alikifua kwenye beseni lile lile la nguo zetu.

Mtu asidhani hakujua kuwa dawa ni sumu. Aliisoma rangi iliyo chini ya kibandiko kama dereva anavyosoma taa za barabarani: nyekundu ni ya kuogopa, njano inafuata, kisha bluu, na kijani haina neno. Lakini rangi hizo hupima jambo moja tu, yaani sumu inayomwangusha mtu upesi. Mankozebu, dawa ya ukungu iliyozoeleka sana kwenye nyanya, Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la chini kabisa kwa hatari ya papo hapo. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali, na sababu mojawapo ni kwamba inahesabiwa kuwa na uwezo wa kudhuru uzazi. Ule mstari wa kijani hauna nafasi ya kueleza habari hiyo.

Mdogo wangu alizaliwa na mdomo sungura, mwaka ambao Baba alipiga dawa kuliko mwaka mwingine wowote. Nilipoanza kusoma bayolojia chuoni, aliniuliza swali ambalo naamini alikuwa amekaa nalo muda mrefu.

"Mwanangu, ni mimi niliyempa?"

Vipimo vya madhara ya viuatilifu kwenye vinasaba vipo. Kimoja ni rahisi: unasugua ndani ya shavu kwa kiburashi, unazipaka rangi seli ulizopata, kisha unazitazama kwa hadubini. Seli ikigawanyika huku kromosomu zake zimevunjika, vipande vinaweza kuachwa nje ya kiini na kujikusanya pembeni kama kiini kingine kidogo. Unavihesabu katika maelfu ya seli. Katika kipimo kingine, seli hupitishiwa umeme, na DNA iliyokatika huvutika na kuacha mkia kama wa nyota yenye mkia. Tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, ingawa si zote, zimekuta alama hizi kwa wingi zaidi kwa wapiga dawa kuliko kwa watu wasioshika dawa.

Lakini hesabu hiyo ni ya kundi. Haimwambii mtu mmoja kwamba ataugua au hataugua. Tena seli za shavu si seli za uzazi, na zenyewe hufa na kuzaliwa upya kila baada ya wiki chache. Viini vidogo utakavyovikuta leo vinaeleza mambo ya wiki chache zilizopita. Shavu la Baba halina kumbukumbu ya mwaka aliozaliwa mdogo wangu. Na mdomo sungura huletwa na mengi, ya kurithi na ya mazingira, hivi kwamba kwa mtoto mmoja ni vigumu kuonyesha kidole.

Nilimweleza hivyo, polepole, kwa maneno ya nyumbani. Nikamwambia hakuna kipimo kitakachomhukumu, wala kitakachomwachilia. Alinyamaza kwa muda.

"Na hawa vijana?" akauliza.

Vijana aliowataja wanapiga dawa kwenye mashamba yale yale. Wanalipwa kwa bomba, kwa hiyo wanakimbizana na jua, na wengi hawajaoa bado. Wao wanaweza kupimwa, maana mashavu yao yana habari za wiki hii, wakati bado kuna la kufanya: glavu, ovaroli, beseni la pekee la nguo za shamba, na kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko badala ya kifuniko. Anayewaajiri ndiye anayepaswa kuvinunua. Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyekuja kijijini kwetu na kiburashi. Wanunuzi wa nyanya huja kila msimu.