Maji Yaliyoteleza Mkononi



Mwaka 1987, nilipokuwa kijana ninayesomesha chuoni Tandika, wilaya ya Temeke, alikuja mtoto mmoja kutawadha kwa sala ya Alasiri. Mama yake alikuwa amempaka mafuta ya nazi hadi anang'ara. Akajimiminia maji mkononi. Maji yakajikusanya matone matone, yakateleza, yakaanguka. Nikamwambia, "Maji hayajakupata. Rudia." Mara tatu nilimrudisha, wenzake wakicheka. Mara ya nne alikwenda zake kwao, na chuoni hakuonekana tena. Mama yake alipokuja kuniuliza, nilimjibu kwa ukali kwamba mafuta ni kizuizi, na udhu wa mwanawe haukuwa udhu.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike, aliye kidato cha tatu, alikuwa akidurusu kemia barazani. Nikamwuliza kwa mzaha kama hiyo kemia yake inajua kwa nini maji huyakimbia mafuta. "Hayakimbii, babu," akasema. "Yanavutana yenyewe kwa yenyewe."

Akanieleza. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na hidrojeni mbili. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa hidrojeni chanya kidogo. Basi hidrojeni ya hii huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Ndiyo maana maji huchemka kwa digrii 100, hali gesi ile inayonuka yai viza, ambayo molekuli yake ni nzito karibu mara mbili, huchemka kwenye digrii 60 chini ya sifuri. Mafuta nayo yana mvuto wao, uitwao kwa jina la Mholanzi Johannes van der Waals, aliyeandika juu ya mivuto ya molekuli mwaka 1873. Ni dhaifu, lakini molekuli za mafuta ni ndefu, zinagusana pengi, na kidogo kidogo kinakuwa kingi. Nani Dar es Salaam hajaona mafuta ya nazi yameganda chupani asubuhi ya Julai? Yakishuka chini ya digrii 24 hivi, hushikana. Maji juu ya mafuta hayavutwi vya kutosha kuachana na wenzao, basi yanajikunja kuwa tone. Sabuni ndiyo msuluhishi: kichwa chake hushika maji, mkia wake hushika mafuta.

Usiku ule nilifungua Fat-hul-Muin ya Sheikh Zainuddin al-Malibari, kitabu ambacho sisi Mashafii wa pwani tumekisoma na kukisomesha. Mle nta ni kizuizi, na mafuta yaliyoganda ni kizuizi. Mafuta yasiyoganda si kizuizi, hata kama maji hayatulii juu ya kiungo. Linalotakiwa ni maji kupita. Mlango huo nilikuwa nimekwisha kuusoma kabla ya mwaka 1987. Niliyaamini macho yangu kuliko darsa langu.

(Mjukuu akauliza: na asubuhi ya Julai je? Nikamjibu kwamba joto la ngozi huyayeyusha. Yakibaki mabonge, ayafute.)

Nilimtafuta yule mtoto. Sasa ni mtu mzima, ana duka Mbagala. Nikamtaka radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye amekwisha nisamehe, ila mama yake hakumpaka tena mafuta tangu siku ile, akiamini kuwa alikuwa akimharibia mwanawe sala. Mama huyo amekwisha kufariki.