Mkazo wa Kitenzi cha Kiitaliano na Mizani Yetu

Kwa aliyelelewa katika Kiswahili, mkazo ni jambo asilolifikiria. Hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nao husogea: PI-ga, pi-GA-na, pi-ga-NI-sha. Maneno kama barabara, lenye maana mbili kwa mikazo miwili, ni machache.

Nilipoanza kujifunza Kiitaliano ili nimsome Dante katika lugha yake, vitenzi ndivyo vilivyonivurugia utulivu huo. Parlo (nasema) na parliamo (twasema) havikunitisha, ingawa hiki cha pili kina silabi tatu tu, par-LIA-mo, kwa kuwa i yake ni kiyeyusho. Lakini parlano (wasema) hukazwa katika silabi ya tatu kutoka mwisho, PAR-la-no. Telefonano (wapiga simu) katika ya nne, te-LE-fo-na-no. Na parlò (alisema) katika ya mwisho kabisa. Tazama pia herufi za capitano: CA-pi-ta-no ni 'yanatokea', ca-pi-TA-no ni nahodha, na ca-pi-ta-NÒ ni 'aliongoza'. Ni hili la mwisho tu ambalo kwa kawaida huandikwa na alama.

Jambo hili lina uzito kwa mhakiki wa ushairi. Mshororo wa Divina Commedia huitwa endecasillabo, yaani wa silabi 11. Hata hivyo, kinachouainisha ni mkazo wa mwisho kuangukia silabi ya 10. Ukiishia kwa parlò utakuwa na silabi 10, kwa parlo 11, kwa parlano 12, na yote ni halali.

Sisi huhesabu mizani 8 kwa 8, na hesabu hiyo yatutosha kwa sababu sarufi imekwisha kutupangia mkazo: kipande kinachotimia mizani 8 kwa kawaida kimekwisha kugonga ya 7. Kwa hiyo nadhani wanamapokeo na wanausasa, katika mjadala wao mrefu, wamegombania idadi na kuusahau mdundo ambao idadi hiyo huulinda. Mtunzi wa shairi huru aweza kuiacha mizani. Mkazo hawezi kuuacha, maana umo katika lugha yenyewe. Naye mwalimu anayehesabu silabi kwa vidole bila kulisoma shairi kwa sauti, huyo amelipima shairi asilolisikia.